Anza na kifo: kufuatilia ukoo katika makaratasi ya Nairobi

Wengi wanaonijia wakitaka kujua ukoo wao huja na cheti cha kuzaliwa mkononi. Ni chao wenyewe, au cha baba, kimetiwa plastiki tangu siku za kuandikisha mtoto shule. Mimi hukisoma, nikakirudisha, nikauliza: katika wazee wenu, nani amefariki, mwaka gani, na roho ilimtokea wapi? Swali hilo huonekana la uchuro. Lakini ndivyo kazi hii inavyokwenda hapa Kenya. Unaanzia matangani na kurudi nyuma, kwa sababu karatasi za kuzaliwa huandikwa na karani, na za kifo huandikwa na jamaa nzima.

Historia nayo ina mkono wake. Sheria ya kusajili vizazi na vifo tunayoitumia, Sura 149, ilianza kazi 1928, ila kwa miaka mingi waliolazimika kuifuata walikuwa Wazungu na Wahindi. Kwa Waafrika sharti hilo lilianza kuenezwa 1963, wilaya baada ya wilaya, Nairobi ikiwa miongoni mwa za kwanza, hadi nchi nzima ikaingia kufikia 1971. Kwa hiyo nyanya aliyezaliwa Murang'a 1938 hana kumbukumbu iliyoandikwa wakati ule na ofisi ya serikali. Akiwa na cheti, shusha macho hadi tarehe ya kusajiliwa. Huenda ukaona 1984 au 2009, yaani alipohitaji pasipoti, au watoto walipomshughulikia. Tarehe ya kuzaliwa hapo ni makisio ya mwenyewe na karani wakisaidiana, ndiyo maana wazee wetu wengi mno walizaliwa tarehe 1 Januari.

Mwaka wa kweli utaupata kwa maswali ya kando. Alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa njaa ya Mianga, 1943? Alikuwa ameolewa hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau ilipotangazwa Oktoba 1952? Kwa Wakikuyu na Wakalenjin, rika la tohara la kaka yake litakusogeza karibu na ukweli kuliko kitambulisho.

Kitambulisho chenyewe usikidharau, ila kigeuze. Vile vya kizazi cha pili vina wilaya, tarafa, kata na kata ndogo upande wa nyuma, na hapo ndipo utakapojua ni chifu yupi wa kumwendea. Vipande, yaani vitambulisho vya enzi ya ukoloni, vilitokana na sheria ya 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu, navyo vilikuwa vya wanaume waliotimiza miaka 16. Wanawake hawakuingizwa katika usajili wa vitambulisho hadi 1978. Mtu anayefuata karatasi za serikali pekee atapata babu watupu, kama kwamba walizaana wenyewe kwa wenyewe.

Sasa kifo. Kosa ninalolikuta kila mara ni familia kusumbuka katika ofisi ya nyumbani, tuseme Siaya au Kitui, kutafuta cheti cha mzee aliyefia Nairobi. Kifo husajiliwa pale kilipotokea. Hospitali hutoa taarifa, ofisi ya msajili hutoa kibali cha mazishi, na ukifa nyumbani kazi hiyo huanzia kwa naibu wa chifu. Maiti itasafiri kilomita mia nne usiku kucha, lakini ingizo la daftari linabaki hapa. Nairobi ni mji wa kufia zaidi kuliko wa kuzikiwa. Anayetaka kuona hali hiyo ilivyotikisa nchi asome kesi ya wakili S.M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane alitaka azikwe Matasia karibu na Ngong, ukoo wa Umira Kager ukataka Nyalgunga, Siaya, na hakuzikwa hadi Mei 1987, Mahakama ya Rufaa ilipoupa ukoo haki.

Cheti cha kifo kitakupa umri (wa kukisiwa tena), makazi, sababu ya kifo na jina la aliyetoa taarifa. Huyo mtoa taarifa ndiye wa kumfuata: mara nyingi ni mpwa au jirani ambaye jina lake hakuna mtu mwingine katika familia anayelikumbuka.

Utamu wenyewe uko kwenye tanzia. Hebu tuisome moja niliyoitunga kwa mtindo wa magazeti ya miaka ya 1980:

"Kwa huzuni tunatangaza kifo cha mzee wetu mpendwa, aliyekuwa mfanyakazi wa Reli. Mwana wa marehemu Okello na marehemu Abich wa Gem. Mume wa marehemu Rispa na wa Dorcas. Baba wa Joseph (Posta, Nakuru), marehemu Agnes, Peter, Grace (Marekani), Tom na wengine. Ndugu wa Mama Jane wa Makongeni. Jamaa na marafiki wanakutana kila jioni Ukumbi wa Kaloleni."

Msomaji wa kawaida huona majina. Mimi naona nyumba mbili, ya Rispa na ya Dorcas, na swali la kwanza ni watoto wamepangwaje. Katika tanzia nyingi hufuatana kwa umri, lakini penye wake wawili nyumba ya kwanza inaweza kumalizwa ndipo ya pili ianze, na ukizichanganya utamfanya mdogo kuwa mkubwa. Agnes alitangulia kufa, kwa hiyo ana tanzia yake ya zamani mahali fulani. Joseph ana mwajiri na mji. Neno "Reli" linamweka mzee huyu Muthurwa au Makongeni, penye nyumba za wafanyakazi wa reli, na dada yake wa Makongeni anazidi kuthibitisha. Ukumbi wa Kaloleni unadokeza kuwa watu wa kwao walikuwa na chama cha kuzikana, na vyama hivyo huwa na daftari la michango. "Na wengine" ndiyo sehemu ninayoitilia shaka zaidi. Hapo hufichwa mtoto wa nje, au aliyegombana na familia.

Tanzia za Daily Nation zinaanzia 1960, gazeti lilipozaliwa. East African Standard ni la zamani zaidi, tangu 1902, lakini kabla ya uhuru utakuta humo vifo vya Wazungu na Wahindi kuliko vya Waafrika. Nakala za zamani utazitafuta Makavazi ya Kitaifa, lile jengo la Moi Avenue mkabala na sanamu ya Tom Mboya, au Maktaba ya McMillan pale Banda Street. Ukiwa na kipande kilichokatwa gazetini kisicho na tarehe, kigeuze: tangazo la mauzo au ratiba ya televisheni upande wa pili hukupa mwezi, wakati mwingine siku kabisa. Na vijitabu vya mazishi vyenye wasifu wa marehemu, vile tunavyojipepea navyo kwenye hema, ni dhahabu. Vingi huchapwa siku na mwezi bila mwaka. Uandike mwaka kwa kalamu kabla hujafika nyumbani.

Baada ya tanzia nakwenda kwenye Kenya Gazette, gazeti rasmi la serikali, ambalo linatoka tangu 1899 na ambalo matoleo yake mengi yamepigwa picha na yanatafutika kwenye intaneti. Familia ikitaka kurithi shamba au akaunti ya benki, ombi lao hutangazwa humo na wapinzani hupewa siku 30. Tangazo lenyewe ni kavu: jina la mahakama, nambari ya kesi, jina la marehemu, alipofia, tarehe, kisha waombaji na uhusiano wao, "mjane na mwana". Kwangu nambari ya kesi ndiyo ufunguo. Unaipeleka kwenye masjala ya mahakama husika, Milimani kama ni ya Nairobi, na kuomba faili.

Ndani ya faili kuna barua ya chifu na viapo vya waombaji. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1 Julai 1981, inamtaka mwombaji ataje wajane, watoto, wazazi, ndugu wa marehemu, pamoja na watoto wa mtoto aliyekwisha kufa. Hakuna karatasi nyingine ya serikali inayodai nasaba kwa ukamilifu huo. Katika utekelezaji, mabinti walioolewa huachwa mara kwa mara, hata sheria ikiwa upande wao, kwa hiyo linganisha na tanzia mstari kwa mstari. Ukikuta pingamizi, furahi kimyakimya. Mke wa pili aliyejitokeza mahakamani ataeleza chini ya kiapo aliolewa lini, mahari ilipelekwa na nani, na watoto walizaliwa wapi. Familia zilizogombana zimetuachia nasaba safi kuliko zilizopatana. Kwa Waislamu wa Pumwani, Eastleigh au Kibra, mambo ya mirathi huishia mara nyingi kwa Kadhi, na hesabu ya mafungu ya warithi inalazimu kila mmoja atajwe.

Makanisani nakwenda nikiwa tayari na jina na mwaka wa kukisia, maana katibu wa parokia hana siku nzima ya kukufungulia daftari. Wakatoliki wana utaratibu mmoja mzuri sana: mtu akifunga ndoa, taarifa hurudishwa parokia alikobatizwa na kuandikwa pembeni ya ingizo lake la ubatizo. Nimewahi kumfuata bibi mmoja aliyebatizwa Kiambu hadi ndoa yake Mombasa kwa mstari mmoja wa wino uliobanwa kando. Daftari za zamani zina Kilatini, kwa hiyo Yosefu ni Josephus. Na kwa waliobatizwa wakiwa watu wazima, majina ya wazazi wao wasiobatizwa yameandikwa hapo, pengine kwa mara ya kwanza katika maandishi yoyote. Wamisionari wa St. Austin's walianza kazi Nairobi 1899, mwaka ule ule reli ilipofika.

Makaburi ya mjini nayapa nafasi ndogo kuliko wageni wanavyotarajia. Lang'ata yapo makaburi ya kudumu na ya muda, na ya muda hutumiwa tena, kwa hiyo kukosa jiwe si ushahidi kwamba mtu hakuzikwa hapo. Uliza daftari la ofisi ya makaburi, ukiwa na tarehe ya kibali. Ninaowatafuta huko zaidi ni watoto wachanga: familia nyingi zilizosafirisha wazee wao hadi mashambani ziliwazika vichanga hapa hapa, na hawatajwi kwenye tanzia ya yeyote. City Park ina kaburi la Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyeuawa Februari 1965, na la Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais, karibu yake. Mahali pazuri pa kumpeleka kijana anayedhani historia ni vitabu tu.

Kuna babu ambao hutawapata kabisa. Mtaa wa Kariokor umebeba jina la Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliokusanywa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mnara wao uko Kenyatta Avenue tangu 1928, na maandishi yake yanaahidi kwamba wana watakumbuka jina la aliyekufa akiipigania nchi yake, ila majina yenyewe hayapo. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika kwa makumi ya maelfu hawakukumbukwa kwa majina. Familia ikiniambia babu mkuu "alienda Kariokor asirudi", naliandika hilo kama lilivyosemwa, pamoja na jina la aliyelisema.

Jambo la kiufundi ambalo huokoa muda: tafuta kwa majina ya zamani. Murang'a ni Fort Hall, Nyahururu ni Thomson's Falls, Jogoo Road ni Doonholm Road, na aliyelazwa King George VI alilazwa Hospitali ya Kenyatta. Majina ya watu yana ukaidi wao pia. Karani aliandika alichosikia, kwa hiyo jaribu r na l, k na g, na kwenye karatasi za kikoloni tafuta jina la baba likitanguliwa na "s/o", yaani "mwana wa". Kwa Wakikuyu, mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba na wa pili la babu mzaa mama, na mabinti wawili wa kwanza hufuata mpango huo huo kwa nyanya, kwa hiyo majina ya wana wawili na mabinti wawili wa kwanza hukupa kisio zuri la nyanya na babu wote wanne. Ni kisio, narudia. Mtoto akifa au wazazi wakitengana mpango huvurugika.

Kazi ikiisha, naipa familia nakala mbili tofauti. Ile ya kundi la WhatsApp la ukoo ina majina, miaka na mahali. Sababu za vifo siziweki humo, wala jina la mtoto aliyelelewa na wasio wazazi wake bila yeye kujua, wala nambari za vitambulisho za walio hai. Anayehitaji habari hizo kwa sababu ya maana, mfano binti aliyeulizwa na daktari kuhusu magonjwa ya upande wa mama, huja ofisini tukazisoma pamoja.