Kwa kweli unafanyia kazi shilingi ngapi?

Juzi mwalimu mmoja wa sekondari alinijia ofisini Nyegezi, hapa Mwanza, na bahasha ya kaki iliyojaa karatasi za mshahara. Ana miaka 55 na ushee. Kwa mtumishi wa umma huo ni umri wa kustaafu kwa hiari. Wa lazima ni 60.

"Mwanangu, naweza kuondoka sasa. Niondoke?"

Kikokotoo cha pensheni hakina uchawi. Chukua wastani wa mshahara wa miaka mitatu iliyo bora katika kumi ya mwisho, zidisha kwa miezi uliyochangia, gawanya kwa 580. Yeye ana miezi 360, wastani wake tuseme milioni moja na nusu. Inakuja 931,000 hivi. Sehemu inageuzwa kuwa mkupuo, yaani fedha unazolipwa kwa pamoja unapostaafu, na pensheni ya kila mwezi inabaki kama laki sita.

Sasa rudi kwenye mshahara. Toa kodi, asilimia 5 ya PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma), asilimia 3 ya bima ya afya: mkononi inafika milioni moja na laki moja na kidogo. Lakini laki sita angezipata hata akijikalia kwake Buhongwa. Kwa hiyo daladala ya alfajiri na madaftari ya kusahihisha usiku anavifanyia laki tano.

Alinyamaza. Akavuta kalkuleta, akarudia hesabu mwenyewe. Anafundisha hisabati, sikumlaumu.

Laki tano si hesabu yote, maana akifika 60 atakuwa na miezi kama 420. Pensheni nzima, kabla ya kutoa mkupuo, itapanda kutoka asilimia 62 ya wastani hadi 72, na mkupuo nao utanenepa. Kama una mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, maliza huo kwanza ndipo tuongee.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni wanaoondoka mapema kwa kuufuata mkupuo. Huku kwetu karibu kila mstaafu anaota vizimba vya kufugia samaki aina ya sato ziwani au mtumbwi wa dagaa. Dagaa hufuata taa kwenye giza. Mbalamwezi ikiwaka mtumbwi unalala mwaloni, na wewe mwenye mtumbwi unaangalia siku zinapita. Vizimba navyo vinataka chakula cha samaki miezi na miezi kabla hujauza hata kilo moja. Ukitaka biashara hiyo, ianze kidogo ungali na mshahara, uumie ukiwa na pa kuegemea. Nimeona mkupuo wa miaka thelathini ukiisha kabla ya mavuno ya pili.

Mwalimu hakutaja samaki. Aliuliza tu kama akiondoka Januari badala ya sasa atapoteza chochote. Nikamwambia hapana, miezi inaongezeka tu.

"Basi kidato cha nne wafanye mtihani Novemba kwanza," akasema. "Hawa wa mwaka huu wananielewa."

Akaikunja karatasi ya hesabu, akaisukuma ndani ya bahasha. Alikuwa na kipindi saa sita.