Komedi ya mapenzi yenye ekshen: "nyepesi" maana yake si "ovyo"

Kila nikipita kwenye maduka ya kurushia muvi pale Mwanga, Kigoma, nasikia jibu lile lile. Mteja ameshika flashi yake, anauliza, "Hii ikoje?" Anaambiwa, "Aa, hiyo nyepesi tu, ya kupotezea muda." Muvi yenyewe leo iko kwenye folda la Mapenzi, kesho utaikuta kwenye la Ekshen. Sina ugomvi na mafolda. Ninachotaka kukirekebisha ni hilo neno "nyepesi", maana limeshakuwa jina la filamu mbovu.

Komedi ya mapenzi yenye ekshen ni filamu ambayo watu wawili wanapendana, au wanarudiana, huku wanakimbizwa, na mtazamaji ameshahakikishiwa kwamba watafika salama. Basi. Ikiwa steringi anampiga adui saa nzima na dakika za mwisho ndipo anakumbuka kwamba ana mpenzi, hiyo ni ekshen ya kawaida iliyopambwa na busu. Ondoa mapenzi humo, filamu inabaki kama ilivyo. Katika aina ninayoisema mimi, ukiondoa mapenzi hakuna filamu iliyobaki, kwa sababu kila mbio na kila ngumi iko pale ili wawili hao wajuane.

Sasa huo wepesi. Wepesi ni ahadi ambayo filamu inampa mtazamaji: watu wako hawafi. Jeraha la leo halitawafuata kesho. Gari likipinduka watatoka wakijipangusa vumbi, wakilaumiana nani alikuwa anaendesha vibaya. Ahadi hiyo ukiitoa, umejinyima silaha kubwa kuliko zote, yaani hofu ya kifo. Lazima sasa mtazamaji umpe swali lingine la kumkalisha kitini, na swali hilo ni moja tu: hawa wawili wataambiana ukweli lini? Ndiyo maana filamu nyepesi nzuri ni ngumu kutengeneza. Mwenye filamu nzito akiishiwa maneno anaweza kuua mtu. Huyu hana ruhusa hiyo.

Asili yake iko kwenye ugomvi wa safarini. Mwaka 1934 Marekani ilitoka It Happened One Night ya Frank Capra, binti wa tajiri aliyetoroka kwao na mwandishi wa habari, wanasafiri pamoja huku wakizozana njia nzima. Ilichukua Oscar tano, na zote zilikuwa zile kubwa: filamu bora, mwongozaji, waigizaji wakuu wote wawili, na uandishi. Humo hakuna bastola ya maana wala bomu. Miaka hamsini baadaye, 1984, Romancing the Stone iliuchukua ugomvi ule ule ikaupeleka msituni Colombia, kati ya mwandishi wa riwaya za mapenzi na mwanamume anayekutana naye porini. Kuna mahali dada wa watu anahangaika kutembea na viatu vya kisigino kirefu. Mwanamume anavichukua, anavikata visigino kwa panga, anamrudishia. Hajapigwa mtu, lakini pale pale tumecheka, tumejua hatari waliyomo, na tumejua kwamba bwana huyu hajali uzuri wa viatu ila anajali kwamba mwenzake afike. Panga moja limefanya kazi zote tatu. Ukitaka kujua aina hii ya filamu ikoje inapokuwa hai, angalia hapo.

Mkanganyiko wetu mwingine, naamini, unatokana na tafsiri. Tangu enzi za akina Lufufu, watafsiri wa muvi kwa Kiswahili, wengi wetu tumeziona filamu za nje kwa sauti ya mtafsiri, tukiwa tumebanana kwenye mabenchi ya banda la video. Mtafsiri hodari anachomeka utani wake: jambazi wa Kichina anaulizia bei ya migebuka, komando anamlalamikia mama mwenye nyumba. Filamu ya kulipiza kisasi inageuka ya kuchekesha banda zima. Ni sanaa, na naithamini sana. Ila kile kicheko ni cha mtafsiri. Upande wa pili kuna hasara kubwa zaidi. Komedi ya mapenzi inaishi kwenye majibizano ya haraka, mmoja hajamaliza mwenzake ameshamkata. Mtafsiri mmoja hawezi kukimbia na midomo miwili, hivyo anasema, "Hapa wanagombana," kisha anangoja mlipuko. Mtazamaji amenyimwa nyama ya filamu, amebaki na moshi, halafu anasema filamu haina kitu.

Hata hivyo, wanaolalamika wana hoja. Aina hii ina ubovu wake, na mimi naona mkubwa uko mahali pamoja: risasi zikianza, mapenzi yanasimama. Kazi ya kuruka na kugongwa inafanywa na watu wa badala wanaosimama mahali pa waigizaji, kamera inarudi nyuma au picha zinakatwa harakaharaka ili sura zisionekane, na wale wawili tuliokuwa nao hawasemi tena. Dakika kumi za makelele, kisha tunarudishiwa wapenzi wetu kama vile walikuwa wametoka kidogo. Mr. & Mrs. Smith ya 2005 ilikwepa shimo hilo kwa kuwafanya mume na mke ndio wapigane, wakibomoa nyumba yao wenyewe. Kila sahani inayovunjika pale ni neno ambalo hawakuwahi kuambiana katika ndoa yao. Ekshen imekuwa ndiyo mazungumzo. Wachache wanaweza hilo.

Mengine nayataja tu. Mwanamke anayepiga mayowe filamu nzima, kisha mwishoni anapewa risasi moja ya kulenga vizuri ili tuone kwamba naye ni jasiri. Vibaraka wa adui wanaokufa kwa makumi huku wapenzi wanataniana, kana kwamba ahadi ya usalama ni ya watu wawili tu duniani. Na nchi za wengine zinazogeuzwa pazia la nyuma: hiyo Colombia ya 1984 kwa sehemu kubwa ilipigwa picha Mexico, na wenyeji wengi humo ni majambazi au askari. Sisi wa Afrika tunalijua jambo hili vizuri, na lina haki ya kutuudhi.

Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linalotokana na wepesi. Chennai Express, filamu ya India ya 2013, ni nyepesi kabisa, watu wanazungumza kwa kuimba kwenye treni ili wabeba mapanga wasiwaelewe, na bado pigano la mwisho linauma, kwa sababu tumeshamjua anayepigwa na tunajua anamtaka nani. Kwa hiyo anayesema, "Sikuipenda, nyepesi mno," pengine anachomaanisha ni kwamba risasi zilipoanza, wale wawili waliacha kuwa watu. Aseme hivyo tu. Nitamwelewa, na mara nyingi nitakubaliana naye.