Plagi za Triton zinazokatikia ndani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kwanza plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha mafuta ndani ya injini, hulia. Ukiikaza spana kidogo unasikia kwiii, kama bawaba ya mlango uliosahauliwa. Unaendelea, mlio unapanda, halafu ghafla mkono unakuwa mwepesi. Unafurahi. Unavuta soketi nje, na mkononi umeshika nusu ya plagi. Nusu ya pili imebaki ndani ya hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, chini kabisa ya kishimo usichoweza hata kuingiza kidole.

Ndivyo inavyokuwa kwenye injini ya Ford Triton ya lita 5.4, ile V8 ya silinda nane yenye valvu tatu kwa kila silinda, iliyoanza kufungwa kwenye malori madogo ya F-150 ya mwaka wa modeli 2004. Injini hii ina sifa mbaya kuliko inavyostahili, na nusu ya sifa hiyo imetokana na maneno ya gereji. Nimeyakusanya yale ninayoyasikia mara nyingi.

“Nyuzi ndizo zimeshika kutu”

Hili ndilo kosa mama. Mengine karibu yote yamezaliwa hapa.

Chukua plagi ya kawaida uitazame: juu kaure nyeupe, katikati kichwa cha kushikia soketi, chini nyuzi, na mwisho kabisa elektrodi. Nyuzi zikiisha, plagi nayo imeisha. Plagi ya asili ya Triton ya valvu tatu haiko hivyo. Nyuzi zikiisha, inaanza pua ndefu ya bati jembamba, nyororo, isiyo na uzi hata mmoja, inayozama kwenye tundu lake ndani ya hedi mpaka kwenye chumba cha mwako. Elektrodi iko kwenye ncha ya pua hiyo. Kati ya pua na ukuta wa tundu kuna upenyo mdogo sana, na humo ndimo masizi ya mwako hujipenyeza, yakajibana, yakawa magumu kama saruji.

Sasa ongeza jambo la pili: pua hiyo na mwili wa plagi ni vipande viwili vilivyokunjiwa pamoja kiwandani. Nyuzi zinazunguka vizuri tu. Pua imeshikwa na masizi haitaki kuzunguka. Kinachoachia ni pale kwenye mkunjo.

Kwa hiyo fundi anayepigana na nyuzi anapigana na asiye na hatia. Adui yuko chini yake.

“Mwagia mafuta ya kulegeza kutu, subiri, fungua”

Ukishaelewa habari ya pua unaona shida ya ushauri huu mara moja. Plagi ikiwa imekazwa, kikalio chake kimeziba njia. Unachomwagia kinabaki juu kama maji kwenye kikombe. Hakifiki kwenye masizi hata ukisubiri mpaka kesho.

Waraka wa kiufundi ambao Ford waliutoa mwaka 2008 kwa mafundi wao, namba 08-7-6, uliweka utaratibu mwingine. Kwanza puliza kishimo kwa upepo ili uchafu usiangukie ndani. Kisha legeza plagi kidogo sana, kati ya moja ya nane na robo ya mzunguko, usipite hapo. Hapo njia imefunguka. Ndipo unatia dawa ya kusafishia kabureta, zaidi ya nusu kijiko cha chai kidogo tu, na kuiacha ijipenyeze kwa dakika zisizopungua 15. Baadaye unakaza tena, unalegeza, unakaza, unalegeza, kila safari ukiongeza kidogo, mpaka uzito upungue. Waraka unataja nguvu ya kuzungushia ya kiasi cha Nm (nyutoni-mita) 45, na unakuonya mapema kwamba kelele zitakuwepo.

Angalia kwamba ni dawa ya kabureta iliyotajwa. Kazi hapa ni kulainisha masizi, kutu haihusiki.

Dakika 15 ndizo zinazowashinda watu. Mimi nikiwa na nafasi natia dawa jioni na kufungua asubuhi, na sijawahi kujuta kwa kuchelewa. Nimejuta kwa kuharakisha.

Na kuna mwenye kudhani kwamba dawa ikiwa nyingi ndiyo bora. Hapana. Inayopita pembeni ya pua inaishia juu ya pistoni, na kimiminika hakibanwi kama hewa. Waraka huohuo unaonya usizidishe vijiko viwili vya chai kwa silinda moja. Ukizidisha, siku ya kuwasha pistoni inapanda, inakutana na dawa hiyo, na kinachopinda ni fito ya pistoni. Umeokoa plagi, umepoteza injini.

“Fungua injini ikiwa ya moto, alumini itakuwa imetanuka”

Hoja hii ina akili ndani yake, ndiyo maana haifi. Ni kweli alumini hutanuka kuliko chuma inapopata joto, kwa hiyo tundu la hedi linaongezeka kuliko plagi. Lakini masizi yamejaza upenyo huo tayari. Kutanuka kwa unywele hakuyavunji. Kwa upande mwingine, nyuzi za alumini ya moto huchubuka kirahisi, na dawa unayoimwaga kwenye chuma cha moto hugeuka mvuke kabla haijafanya kazi yoyote, tena mvuke unaowaka. Waraka wa 2008 hauna utata: injini ipoe mpaka joto la kawaida la hewa.

Wapo mafundi wazoefu wanaoapa kwamba wao huzitoa zikiwa na joto kidogo na hazikatiki. Sibishani nao kwa kazi waliyoifanya. Ila anayeanza leo, afuate ya baridi.

“Bunduki ya upepo inazitikisa mpaka zinaachia”

Waraka unakataza zana za upepo na za umeme kwenye kazi hii, basi. Sababu ninayoiona mimi ni ya mkono tu: spana ya mkono inakuambia plagi inasemaje. Uzito ukipanda unasimama, unarudi nyuma. Bunduki haisikilizi.

“Ikikatika, lazima hedi ishuke”

Hofu hii imewagharimu watu fedha nyingi bure. Kushusha hedi ya Triton ni kazi kubwa kweli, na mwenye gari akitajiwa bei anaweza kuliuza gari hapohapo. Lakini plagi kukatika si mwisho wa hadithi, kwa sababu kifaa cha kutolea pua kipo. Kinachofahamika zaidi ni Lisle 65600, na Ford nao walikuwa na chao cha karakana.

Tazama kilichobaki kabla ya kugusa lolote. Wakati mwingine kaure imetoka yote na pua imebaki tupu kama mrija. Wakati mwingine kaure imevunjikia ndani ya pua. Hiyo ya pili ndiyo inayohitaji utulivu. Kifaa kina kipande cha kwanza ambacho kazi yake ni kuisukuma kaure chini taratibu ndani ya pua, kupata nafasi. Kile kibati cha elektrodi kwenye ncha kinaizuia isidondoke kwenye silinda. Kisha kipande cha pili kinajichimbia nyuzi ndani ya bati la pua, unakaza nati juu yake, na pua inapanda polepole. Ikiachia utasikia.

Kinachoharibu mambo ni haraka ya kutia bisibisi na nyundo. Kaure inasagika, vipande vinaingia ndani, na kaure ni ngumu kuliko ukuta wa silinda. Ukishuku kuna kipande kimeanguka, mrija mwembamba kwenye kifyonza vumbi na kamera ndogo ya kuchungulia vitakuambia ukweli. Usiwashe gari kwa kubahatisha.

“Kama haimisi (haikosi kuwaka), usiiguse”

Ratiba ya kiwanda ilikuwa maili 100,000, yaani kama kilomita 160,000. Watu wakaichukua kama ruhusa ya kusahau. Tatizo ni kwamba plagi inaweza kuwaka vizuri wakati pua yake inazidi kuzikwa. Kila unapoiacha, masizi yanaongezeka. Wenye injini hizi waliojifunza kwa uchungu huzibadilisha mapema zaidi ya ratiba, na nakubaliana nao: bora kuzitoa bado zinaachia.

Na dawa za kumimina kwenye tangi la mafuta? Upenyo ule ni kichochoro kisicho na mlango wa pili. Petroli ya injini hii hupuliziwa kwenye njia ya hewa nje ya chumba, haiendi kuoshea pembeni ya pua. Usizitegemee.

“Paka grisi ya shaba kwenye nyuzi za plagi mpya, hazitakwama tena”

Grisi sawa, mahali siyo. Waraka unataja grisi ya nikeli ya joto kali, ipakwe utando mwembamba kwenye pua, na isiguse elektrodi. Ukipaka nyuzi tu umeilinda sehemu ambayo haikuwa mgonjwa. Tena nyuzi zenye utelezi huidanganya spana ya kupimia nguvu: unaona umefika Nm 34 zinazotakiwa, kumbe umekaza zaidi, na hedi ni ya alumini.

Kuhusu plagi yenyewe, zipo za kipande kimoja, kwa mfano Champion 7989, zisizo na ule mkunjo. Watu husema “hizo hazikwami”. Zinakwama, pua ni ileile na masizi ni yaleyale. Tofauti ni kwamba hazina pa kuachana, kwa hiyo ikitoka inatoka nzima. Kwangu hiyo inatosha kuzichagua.

“Triton ni zile zinazotema plagi”

Hapa watu wanachanganya ndugu wawili. Triton za zamani zenye valvu mbili kwa silinda, zilizoanza 1997, ndizo zilizojulikana kwa kutema plagi: hedi zake nyingi zilikuwa na nyuzi chache, kama nne hivi, na siku moja plagi inaruka na koili yake, kile kifaa cha kuipa umeme, kwa mshindo. Za valvu tatu zina ugonjwa wa kinyume, hazitaki kutoka. Anayesikia habari ya kutema akaenda kukaza za valvu tatu kupita kiasi anajitengenezea kazi ya mbeleni.

Wala si malori peke yake. Injini ya lita 4.6 ya valvu tatu ilifungwa kwenye Mustang kuanzia 2005 na Explorer kuanzia 2006, na V10 ya lita 6.8 nayo imo. Mwishoni mwa 2007 hedi ilibadilishwa ikapokea plagi nyingine, tatizo likaisha. Lakini mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari haukuhakikishii: gari la modeli ya 2008 linaweza kuwa na injini iliyoundwa kabla ya badiliko. Tafuta tarehe ya injini.

“Ford waliyaita magari yote yarudi”

Waraka wa kiufundi ni maelekezo kwa fundi, si wito wa kurudisha magari. Wenye magari ndio waliokwenda mahakamani. Kesi zao ziliunganishwa kwenye mahakama ya shirikisho huko Ohio, Marekani, zikaisha kwa makubaliano.

“Tatu za kwanza zimetoka safi, hizi zingine ni mteremko”

Kila silinda ina masizi yake. Saba zinaweza kutoka bila kelele na ya nane, ile ya nyuma kabisa iliyojificha chini ya ukingo wa bodi ambako hata kioo hakioni vizuri, ikabaki nusu. Kwa hiyo zipange juu ya kitambaa kwa mpangilio wa silinda zake, na kila moja uitazame chini: pua ndefu nyeusi, na kwenye ncha kibati chake cha elektrodi. Ukikuta moja ni fupi kuliko wenzake, usiiguse plagi mpya bado.