Je, wajua? Tangi kubwa haliongezi presha ya maji

Bomba likitoa maji kidogo watu wengi wanakimbilia kununua tangi kubwa, la lita 1,000 wanaliona dogo wanaweka la 5,000, halafu wanashangaa maji yanatoka vilevile tu. Shida ni kwamba presha ya maji yaliyotulia haijali maji ni mengi kiasi gani, inaangalia kina, yaani kutoka uso wa maji kule juu mpaka pale unapopima, ukishuka wima, ni mita ngapi. Basi.

Chukua sentimita moja ya mraba, kama ukubwa wa ukucha hivi, iweke mita 10 chini ya maji. Juu yake umesimama mlingoti wa maji wa sentimita 1,000, ambao ukiukinga unapata lita moja, na lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa hiyo kila sentimita ya mraba pale chini inaelemewa na kilo moja, ambayo kwenye geji, yaani kile kipimo chenye mshale, ni karibu baa moja (baa ni kizio cha kupimia presha). Na yale maji mengine ya pembeni je? Hayo yanaelemea sakafu iliyo chini yao, wewe hayakuhusu. Ndo maana mpira mwembamba wa kumwagilia uliojaa maji na kusimamishwa wima mita 10 na ziwa lenye kina cha mita 10, presha ya chini ni ileile, huamini ila ndo ilivyo, Simon Stevin, mwanahisabati wa Flanders, alishaliandika hilo tangu 1586. Hata ukuta wa bwawa unajengwa mnene chini kwa kufuata kina, sio kwa sababu maji yameenea kilomita ngapi huko nyuma.

Sasa piga hesabu: tangi likiwa mita 3 juu ya bomba unapata kama baa 0.3, ukilipandisha hadi mita 6 inakuwa 0.6, hata liwe tangi dogo.

Ila hapo maji yametulia. Ukifungua bomba yanaanza kusuguana na kuta za paipu na presha inaliwa njiani, kwa hiyo kama mshale wa geji unasoma vizuri bomba likiwa limefungwa halafu ukifungua unaanguka puu, tatizo sio kimo cha tangi, kwa kawaida ni paipu nyembamba au imejaa kutu, hapo badilisha paipu kwanza.