Kunasa hewa ukaa ya viwanda vya saruji: joto litatoka wapi?

Wakazi wa Pongwe na Maweni, Tanga, wanaujua moshi wa saruji. Lisilojulikana sana ni kwamba sehemu kubwa ya hewa ukaa iliyomo haitoki kwenye makaa ya mawe, bali kwenye jiwe. Tani moja ya jiwe la chokaa safi ikichomwa huachia kilo 440 za hewa hiyo, hata tanuri likiwashwa kwa mabaki ya mkonge. Hapo ndipo hoja ya kuinasa inapoanzia.

Kuinasa kwenyewe si kazi ngumu. Moshi hupozwa hadi nyuzi joto 40 hivi, hupandishwa ndani ya mnara, na kutoka juu humiminwa maji yenye asilimia 30 ya kemikali ya amini, inayoishika hewa ukaa. Gharama iko mnara wa pili, ambako maji hayo hupashwa kwa mvuke hadi nyuzi 120 ili amini iiachie. Joto huliwa mara tatu: kuupasha mchanganyiko, ambao asilimia 70 ni maji matupu, kugeuza sehemu ya maji hayo kuwa mvuke, na kuitenganisha amini na hewa iliyoishika. Jumla ni gigajuli (kipimo cha nishati) 3.5 hadi 4 kwa kila tani ya hewa ukaa. Ukiongeza amini ili upunguze maji, mabomba yanaliwa na kutu. Kisha kuna kuigandamiza hewa hiyo ili isafirishwe kwa bomba: uniti 100 hivi za umeme kwa tani.

Sasa tupige hesabu. Tani ya klinka, yaani zao la tanuri linalosagwa kuwa saruji, hutoa takriban tani 0.85 za hewa ukaa. Kunasa asilimia 90 yake kunataka gigajuli 2.8 hivi, wakati tanuri zuri huipika klinka hiyo kwa gigajuli 3.3. Ni kama kuongeza tanuri la pili!

Mitambo ya umeme wa makaa ya mawe huchota mvuke wake yenyewe, na hupoteza karibu robo ya umeme. Petra Nova, mradi wa kunasa hewa ukaa ya mtambo wa makaa ya mawe huko Texas, Marekani, walikwepa hasara hiyo mwaka 2017 kwa kujenga mtambo wa gesi pembeni, ambao moshi wake haukunaswa. Kiwanda cha saruji hakina mvuke wa kuchota, hivyo huhitaji joto la ziada au boila, yaani tanuri la kuchemshia maji yawe mvuke. Kwenye kiwanda cha saruji cha Brevik, Norway, mradi uliozinduliwa 2025 unategemea joto linalopotea kiwandani, na hunasa tani 400,000 kwa mwaka, yaani nusu tu ya hewa ukaa ya kiwanda.

Vumbi na salfa navyo vina lao. Salfa dayoksaidi huigeuza amini kuwa chumvi isiyorudi kuwa amini hata ukiichemsha vipi. Vumbi hufanya mchanganyiko utoe povu hadi mnara ufurike. Moshi usiposafishwa kwanza, amini hununuliwa upya kila mara, na tope lake ni taka ya sumu.

Mradi wa aina hii ukiletwa kwenye kikao cha tathmini ya mazingira, ulizeni kwanza boila itachoma nini, na moshi wa boila hiyo unaelekea wapi.