Kisu butu si salama kuliko kisu kikali

Idi ya kuchinja ikikaribia, makundi ya WhatsApp hapa Lamu hupokea tena ujumbe ule ule: wapeni vijana visu butu wakichuna mbuzi, hawatajikata. Nia ni njema, lakini mambo ni kinyume.

Kisu kikali hupita kati ya ngozi na nyama bila kulazimishwa. Kilicho butu hutaka nguvu. Kikifika kwenye goti la mbuzi, mkono umelowa mafuta na damu, huchopoka ghafla, na mara nyingi kilichopo mbele yake ni kidole gumba cha mkono unaovuta ngozi. Jaribu kwa nyanya: kikali huingia mara moja, butu huibonyeza kwanza kisha huteleza pembeni.

Watu huchanganyikiwa kwa kuwa kisu kikali kikikugusa tu, damu hutoka, basi lawama zote hubaki kwake. (Mtoto, bila shaka, asikishike.)

Kwa hiyo ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Noa kisu, na ukate ukielekeza makali mbali na mkono wako. Ukijikata, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunuafunua. Majivu yabaki jikoni, usiyapake kwenye jeraha. Jeraha la kina lipeleke zahanati, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda.