Vita havikuwafilisi walowezi wa Kenya

Wiki hii nimeisikia tena, safari hii kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu niliyedhani ameshavuka huko: ati Vita vya Pili vya Dunia viliwafilisi walowezi wa Kenya, yaani wakulima wa Kizungu, kisha wakajiinua kwa jasho lao. Jamani!

Hali mbaya ilikuwa kabla ya vita. Miaka ya 1930 bei ya mahindi ilianguka, mashamba mengi yakawa rehani, na serikali ikafungua Benki ya Ardhi mwaka 1931 kuwakopesha. Vita ndivyo vilivyowatoa shimoni. Japani ilipoteka Ufilipino na Java mwaka 1942, Uingereza na wenzake walikosa nyuzi za kutengenezea kamba, mkonge wa Afrika Mashariki ukagombaniwa. Pareto, maua ya kutengenezea dawa ya wadudu, vilevile, maana muuzaji mkubwa alikuwa Japani huyo huyo. Mwaka huo ikaja sheria ya kuongeza mazao. Mlowezi alipewa ruzuku ya kuvunja ardhi mpya, bei ya uhakika, na kiwango cha chini cha malipo kwa kila ekari hata mvua ikigoma. Gunia lake la mahindi la kilo 90 lilinunuliwa kwa bei ya juu kuliko gunia kama hilo la mkulima Mwafrika wa Nyanza. Na vibarua? Kuanzia 1942 Waafrika walipelekwa kwa lazima kwenye mashamba ya watu binafsi ya mkonge, pareto na kitani. Aliyetoroka alishtakiwa. Jasho lilikuwepo, sibishi. Semeni tu lilikuwa la nani.

Ndiyo maana nawaambia kila muhula: kabla ya kunukuu hotuba ya mlowezi, tafuteni hesabu za madeni yake.

Wengine husema askari wote waliorudi walituzwa ardhi. Wazungu, ndiyo, mpango wao ulikuwepo Nyanda za Juu, eneo lililotengewa Wazungu. Askari Waafrika wa Keya (jeshi la King's African Rifles) hawakutengewa hata ekari moja huko.

Kwamba baada ya vita kila mtu alineemeka? Januari 1947 Mombasa yote iligoma, makuli wa bandari ya Kilindini wakiwemo, kwa sababu bei zilipanda na mishahara haikuzifikia.

Na matrekta ambayo walowezi walinunua kwa faida ile ya vita hayakuwafaa maskwota, yaani Waafrika walioishi na kulima kwenye mashamba yao kwa kuwafanyia kazi. Walipunguziwa mifugo na vipande vya kulima, huku siku za kazi kwa mwaka zikitoka 180 hadi 240 na zaidi. Waliokataa mikataba hiyo walifukuzwa, wengine wakiwa wamezaliwa humo humo shambani.